Nani Ashike Ufunguo wa Msitu Wetu?

Utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi peke yake. Jambo hili limesemwa mara nyingi tangu Serikali ilipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na mara nyingi limesahauliwa. Tukiulizwa utamaduni wetu ni upi, bado twakimbilia kuonyesha lizombe, msewe na sindimba, vinyago na mashairi. Hivyo vyote ni vyetu na ni vyema. Lakini utamaduni ni pia namna watu wanavyoijua nchi yao: wanavyotofautisha mti na mti, samaki na samaki, mdudu aletaye maradhi na mdudu asiye na neno, na ni namna wanavyoipokeza elimu hiyo kutoka kwa mzee hadi kwa kijana. Makala haya yanahusu chombo kimoja cha kuipokeza elimu hiyo, na yanauliza ni kwa nini tumekubali chombo hicho kiseme nasi kwa lugha ya wengine.

Chombo chenyewe ni ufunguo wa utambuzi. Msomaji asidhani nasema habari ya kitasa. Ufunguo wa utambuzi ni mfululizo wa maswali yaliyopangwa kama njia panda. Mtu ameshika tawi la mti asioujua jina. Anaulizwa: je, majani yameota mawili mawili yakikabiliana, au yameota moja moja kwa kupishana? Akijibu, anaelekezwa kwenye swali la pili, na la pili lampeleka kwenye la tatu. Kila jibu hupunguza idadi ya miti inayoweza kuwa mti ule, mpaka mwisho wa njia unabaki mmoja tu, na hapo jina lake limeandikwa. Ni hesabu nyepesi yenye nguvu kubwa. Kama kila swali lingeyagawa mafungu mawili yaliyo sawa, maswali 14 yangetosha kuupata mti mmoja kati ya aina 16,000.

Zamani funguo hizi zilitungwa kwa karatasi na kalamu, na kosa moja katikati liliharibu yote yaliyofuata. Siku hizi zipo programu za kompyuta za kuzitunga na kuzitumia. Mtunzi hujaza jedwali: kila kiumbe na mstari wake, kila sifa na safu yake. Programu ndiyo inayokokotoa swali lipi litangulie na lipi lifuate, ili njia iwe fupi na swali gumu lisije mapema. Mtaalamu wa Australia, M. J. Dallwitz, alitangaza programu ya namna hiyo mwaka 1974, nayo ikawa sehemu ya mfumo uitwao DELTA wa shirika la utafiti la CSIRO. Baadaye ikaja Lucid, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, na Xper kutoka Ufaransa. Programu hizi za baadaye zina faida nyingine. Ufunguo wa kitabu humlazimisha msomaji kuanza na swali la kwanza. Likiwa ni la maua na mti hauna ua msimu ule, safari imekwisha. Programu humwachia mtumiaji aanze na sifa yoyote aionayo, iwe gome, jani au harufu, nayo huondoa viumbe visivyolingana mpaka vibaki vichache.

Hoja yangu ni hii. Anayetunga maswali ndiye anayeamua nini kitazamwe na nani awezaye kutazama. Maswali ya kuitambua nchi yetu yametungwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomao Kiingereza. Kwa muda mrefu tulikuwa na udhuru: kazi ni kubwa, wachapaji ni ghali, wataalamu ni wachache. Programu hizi zimetuondolea sehemu kubwa ya udhuru huo. Kilichobaki ni kasumba.

Msitu wetu, maneno ya wengine

Tuanze na kazi kubwa kuliko zote. Mwaka 1952 lilitoka fungu la kwanza la kitabu cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kilichoandaliwa katika Bustani ya Kifalme ya Kew, Uingereza. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2012, baada ya miaka 60. Humo mmeelezwa aina 12,104 za mimea, na kila ukoo una ufunguo wake. Mimi si miongoni mwa watu wanaobeza kazi ya namna hiyo. Waliianza wakijua kwamba wengi wao hawataiona ikiisha, na wakaendelea. Taifa lolote lingejivunia watumishi wa aina hiyo.

Lakini kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiingereza, na si Kiingereza cha gazetini. Hata ufunguo wa kisasa wa mimea vamizi ya Afrika Mashariki, uliotungwa kwa programu ya Lucid chini ya mtandao wa BioNET-EAFRINET, wasema na msomaji kwa Kiingereza, ijapokuwa mmea vamizi huonwa kwanza na mfugaji na mkulima. Katika shule zetu za sekondari, mwanafunzi hufundishwa kutumia ufunguo wa utambuzi kwa Kiingereza. Ametoka shule ya msingi ambako alijifunza sayansi kwa Kiswahili. Amevuka mlango mmoja, na mchongoma aliouzunguka tangu utotoni umegeuka kuwa mgeni.

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na kundi la watafiti katika delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Kundi lilikuwa na ufunguo wa Kiingereza. Kijana mmoja, msomi wetu, alisimama matopeni akisoma swali kwa sauti, akakwama kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mizizi ya kupumulia. Akalitafuta katika faharasa nyuma ya kitabu. Nahodha wa mtumbwi wetu, mzee aliyekata boriti na kuunda vyombo tangu ujanani, alikuwa amekwisha kuutaja mti ule tulipokuwa bado mita mia moja kutoka ukingoni.

Nilimwuliza, "Mzee, umeujuaje kwa mbali hivi?"

Akanijibu, "Mwanangu, mti una mguu wake, una jani lake, una mahali pake. Ukiuliza hayo matatu, utapoteaje?"

Ndugu msomaji, huo ndio ufunguo wa utambuzi. Mzee yule alikuwa nao kamili kichwani. Ripoti ilipotoka niliisoma yote. Jina lake halimo. Alimo ni katika ukurasa wa hesabu, kwenye mstari wa kukodi mtumbwi.

Mfaransa alifanya nini?

Wako watakaosema kwamba sayansi ina lugha zake, na kudai funguo za Kiswahili ni ushabiki wa siasa. Hao hawaijui historia ya chombo wanachokitetea.

Katika karne ya 18 mtaalamu wa mimea wa Ulaya aliandika kwa Kilatini. Linnaeus, aliyetupa utaratibu wa majina mawili mawili tunaoutumia hadi leo, alikitoa kitabu chake kikuu cha mimea mwaka 1753, na ni cha Kilatini. Ndipo Mfaransa Lamarck akaandika kitabu cha mimea ya Ufaransa, chenye tarehe ya mwaka 1778. Alifanya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, aliitumia kwa ukamilifu njia ya maswali ya njia panda, ambayo kabla yake ilikuwa imejaribiwa huku na huko; kwa hiyo wengi humtaja kuwa baba wa funguo hizi. La pili, aliandika kwa Kifaransa. Kitabu kikapigwa chapa na mtambo wa uchapaji wa mfalme, yaani kwa mkono wa dola.

Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja kwa sababu. Njia ya maswali ilikusudiwa kumwezesha asiye bingwa kulifikia jina bila kufundishwa na bingwa. Kumwandikia mtu huyo kwa lugha asiyoijua kungekuwa kumpa ufunguo na kumficha mlango. Basi chombo hiki, tangu kilipokomaa, kilikuwa ni chombo cha kuitoa elimu mikononi mwa wachache na kuitia katika lugha ya taifa. Anayesema kwamba ufunguo wa Kiswahili ni kinyume cha sayansi anamlaumu Mswahili kwa tendo ambalo Mfaransa husifiwa kwalo.

Ufunguo wa mikoko

Maneno matupu hayavunji mfupa. Hebu tuutunge ufunguo hapa hapa, kwa miti minane ya mikoko inayoota katika pwani yetu. Nitumie maneno ya kawaida peke yake.

1. Jani moja limegawanyika vijani kadhaa vilivyopangana kwenye kikonyo kimoja: ni mkomafi. Jani ni zima: nenda 2.

2. Majani yameota moja moja kwa kupishana: nenda 3. Yameota mawili mawili yakikabiliana: nenda 4.

3. Upande wa chini wa jani unang'aa kama fedha: ni msikundazi. Haung'ai, na jani ni dogo, nene, lenye majimaji: ni kikandaa.

4. Mizizi inatoka juu kwenye shina na kujipinda kama matao hadi matopeni: ni mkoko wenyewe. Hakuna matao ya namna hiyo: nenda 5.

5. Mizizi inachomoza matopeni ikisimama wima: nenda 6. Haisimami wima, imejikunja kama goti au imejibana penye tako la shina: nenda 7.

6. Mizizi iliyosimama ni myembamba kama kalamu, na jani lina weupe wa kijivu upande wa chini: ni mchu. Mizizi ni minene na imechongoka kama kigingi, na jani ni kijani pande zote mbili: ni mlilana.

7. Jani ni kubwa lenye ncha kali, na ua lina kikombe chekundu: ni muia. Jani ni dogo na ncha yake ni ya mviringo: ni mkandaa.

Miti minane, maswali saba. Ndivyo ilivyo siku zote kwa ufunguo wa njia panda, maswali hupungua viumbe kwa moja tu. Kila jina lina mwenzake wa kitaalamu: mkomafi ni Xylocarpus granatum, msikundazi ni Heritiera littoralis, kikandaa ni Lumnitzera racemosa, mkoko ni Rhizophora mucronata, mchu ni Avicennia marina, mlilana ni Sonneratia alba, muia ni Bruguiera gymnorrhiza, na mkandaa ni Ceriops tagal. Ni neno gani lililokosekana? Mguu, goti, tao, kigingi, kikombe: hakuna hata moja lililohitaji faharasa.

Na asidhani mtu kuwa huu ni mchezo wa kujua majina. Mlilana husimama mbele, ukipigwa na bahari. Mkandaa hukaa nyuma, penye chumvi na maji machache. Katika sehemu nyingi za dunia watu wenye nia njema wamepanda mikoko ikafa, kwa kuwa walichukua miche mirefu ya mkoko, ambayo ni rahisi kuiokota na kuichomeka, wakaipanda ufukweni mahali pa mlilana na mchu. Kosa hilo limeandikwa sana kuhusu Ufilipino, ambako fedha nyingi zilizama matopeni. Kijiji chenye ufunguo kinachousoma hakiwezi kudanganywa na mfadhili wala na mkandarasi. Kitauliza: huu ni mti gani, na mahali pake ni wapi?

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza husema Kiswahili hakina maneno. Hoja hii imezikwa mara nyingi na bado hufufuka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi za fani nyingi. Kuhusu kompyuta yenyewe, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Waliofanya hivyo hawakusubiri lugha ikue ndipo waitumie, waliitumia, ikakua. Na pwani peke yake ina utajiri ambao hatujauhesabu. Wafanyabiashara wa boriti waliopeleka miti ya mikoko Arabuni na Ghuba waliipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Watu wenye maneno matano ya unene wa mti mmoja hawawezi kushindwa kueleza umbo la jani.

Hoja ya pili husema majina ya Kilatini ndiyo yanayoeleweka dunia nzima. Ni kweli, na mimi sitaki yaondolewe. Yakae mwisho wa njia, kando ya jina letu, kama yalivyokaa katika ufunguo wangu hapo juu. Ila tusiyaogope kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni. Tazama mgunga. Kwa vizazi vingi wataalamu waliuita Acacia, jina la kale lililotokana na mgunga wa bonde la Mto Nili. Katika mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 iliamuliwa jina hilo lifungamanishwe na miti ya Australia, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukakazia. Migunga ya Afrika ikagawiwa majina mengine, Vachellia na Senegalia. Wao walikuwa na sababu zao za kitaalamu, nasi tunazisikia. Lakini mfugaji wa Shinyanga aliamka asubuhi ile mgunga ukiwa bado ni mgunga.

Hoja ya tatu husema wataalamu wanaojua Kiingereza wanatosha, wananchi wengine wawasikilize. Wanaosema hivi wamesahau nani huona kwanza. Kiwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika alipotangazwa kuingia Afrika mwaka 2016, wakulima tayari walimjua kiwavijeshi wa asili ya huku. Kumtofautisha mgeni kulihitaji maswali mawili mepesi: je, kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa? Je, karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa kama pembe za mraba? Mkulima anaweza kuyajibu akiwa amesimama shambani, lakini hana budi aulizwe kwa lugha yake. Vivyo hivyo kwa mbu Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, azaliaye katika matangi ya maji ya mijini na kueneza malaria humo. Aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba amefika Kenya. Ufunguo uliotungwa kabla ya mgeni kuingia hauna njia ya kumfikia. Utampa jina la mwenyeji anayefanana naye, nasi tutalala tukiamini. Kwa hiyo ufunguo unahitaji macho mengi ya kuusahihisha, na macho mengi ya nchi hii husoma Kiswahili.

Hoja ya nne ni mpya, na ndiyo yenye kuvutia vijana. Husema: ya nini maswali, wakati simu inapiga picha na kutoa jina? Kweli ipo programu iitwayo Nuru, ya PlantVillage katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, iliyotengenezwa pamoja na taasisi ya IITA. Hutambua magonjwa ya mihogo kwa picha, nayo huzungumza Kiswahili. Hilo ni jema na wenyewe wapewe heshima yao. Tena ni aibu kwetu kwamba mashine ya picha imejifunza Kiswahili kabla ya vitabu vyetu vya misitu. Lakini mashine ya picha hutoa jibu bila kutoa sababu. Aliyeitumia mara mia hajajifunza kutazama. Simu ikizimika, anarudi alikoanzia. Ufunguo wa maswali hufundisha kila unapotumiwa. Humwambia mtu: tazama mguu, tazama jani, tazama mahali. Baada ya kuupitia mara kumi, mtu hauhitaji tena, maana umehamia kichwani mwake kama ulivyokuwa kichwani mwa nahodha wetu. Na ukikosea, waweza kurudi nyuma ukaona ulikosea wapi. Taifa linalotaka raia wenye kufikiri halina budi kupenda chombo kinachotoa sababu.

Tusijidanganye sisi wenyewe

Baada ya kuwajibu wapinzani, yanipasa niwaambie neno rafiki zangu. Kuna wapenzi wa utamaduni wanaodhani kwamba majina ya wazee yatosha, na kwamba kila la kigeni ni la kutupwa. Hawa nao wanapotosha. Jina moja la kienyeji laweza kubeba miti mitatu, na mti mmoja waweza kuwa na majina matatu. Muia wa kwingine ni msinzi wa kwingine. Viko viumbe ambavyo jicho haliwezi kuvitenga hata kidogo. Mbu wawili waenezao malaria, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, hufanana kiasi ambacho ufunguo wa maumbo huwaacha pamoja, na hutenganishwa kwa kupima vinasaba maabara. Ufunguo wa kweli husema wazi mahali unapofikia kikomo chake. Ufunguo wa Kiswahili ulioandikwa kwa majivuno bila kupimwa shambani utakuwa ni aibu kubwa kuliko kutokuwa nao.

Wako pia wanaodhani kazi yote ni kutafsiri. La. Ufunguo wa Ulaya umejaa mifano ya Ulaya. Huliita jani lina umbo la kinubi cha Wagiriki, jingine lina umbo la fidla. Kuyafasiri maneno hayo kwa Kiswahili sanifu ni kumhamisha mtoto wa Rufiji kutoka giza moja hadi giza jingine. Yeye mwambie jani ni kama kasia, kama kata ya kuchotea maji, kama pezi la papa. Maswali yatungwe upya na watu watazamao kwa macho ya hapa, kisha yapimwe na wataalamu. Programu haichagui mifano hiyo. Programu hupanga maswali; kuyatunga ni kazi ya mwenye nchi.

Nini kifanyike?

Kwanza, Baraza la Kiswahili na wataalamu wa mimea, wadudu na samaki wakae pamoja, wasanifu orodha ya maneno ya sifa, si ya majina. Majina ya viumbe ni maelfu na hayana haraka. Maneno ya kueleza jani, gome, mzizi, pezi na bawa ni mamia machache, na hayo ndiyo yanayotungiwa maswali yote.

Pili, kila mtafiti, wa ndani au wa nje, anayepewa kibali cha kuchunguza viumbe wetu, adaiwe ufunguo wa Kiswahili wa viumbe aliowachunguza. Akiwa na jedwali la sifa katika kompyuta yake, kama wengi wao walivyo nalo, kazi iliyobaki ni ya maneno. Asiseme imemzidi uwezo.

Tatu, shule ianze na kiwanja chake. Shule yenye miti 20 uwanjani inahitaji maswali 19. Watoto wayatunge wenyewe, wayajaribu kwa wenzao wa darasa la chini, wayasahihishe. Hapahitajiki kompyuta wala ruzuku kwa kuanzia. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia hadi juu, na pendekezo hilo likawekwa kando. Sitaki kuufungua mjadala huo hapa. Nasema tu kwamba mti wa uwanjani hautusubiri tumalize mjadala.

Nne, jina la mwenye elimu liandikwe. Nahodha, mkata boriti, mganga, mvuvi, mama akusanyaye mboga za porini: wakitoa sifa ikaingia katika ufunguo, majina yao yakae mbele, kando ya jina la mtunzi, kwa ridhaa yao. Ukurasa wa kukodi mitumbwi si mahali pa walimu.

Wazee wa aina ya nahodha yule hawakai milele. Kila mwaka wanapungua, na kila mmoja huondoka na maswali yake. Watoto wao wamehamia mjini, nao mikoko wanaijua kwa jina moja tu. Tukichelewa, utafika wakati ambapo mjukuu wa mkata boriti, akitaka kujua babu yake aliukataje mlilana akauacha mchu, atalazimika kuiuliza programu iliyotungwa ng'ambo, kwa lugha ya ng'ambo, nayo itamwuliza kama ameona neno lile la Kigiriki lililomkwamisha msomi wetu matopeni. Mwacha mila ni mtumwa. Na mtumwa wa namna hiyo hafungwi minyororo: huachwa huru msituni mwake mwenyewe, asijue jina la mti uliompa kivuli.